Kamati ya Taifa ya Kusawazisha Makosa

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena zuri, lakini kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imehamishiwa kwenye jengo ambalo bado halijajengwa. Kwa hiyo nitaiita nchi tu. Ina mlima, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko pumzi za waimbaji, na inapendwa sana na mataifa rafiki. Msomaji akidhani anaifahamu, shauri yake. Mimi sijamwambia kitu.

Mimi ni fundi wa programu, mwajiriwa wa Wizara ya Mitambo na Maelewano. Kazi yangu ni kuandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata bila kudai posho ya kikao. Sina kinyongo na mtu. Nasimulia kwa moyo mweupe jinsi taifa langu lilivyoamua kwamba makosa yote ndani ya mipaka yake yafanane.

Mambo yalianza na zawadi. Taifa rafiki la kwanza lilitupa kompyuta, tukazipeleka Mkoa wa Mashariki. La pili likaona wivu, likatupa zake, tukazipeleka Magharibi. La tatu halikukubali kuachwa nyuma, likajaza Kusini. Mkoa wa Kaskazini haukupata hata waya, na ndiyo maana mpaka leo hauna kosa lolote na unaongoza kila mwaka kwa utendaji bora.

Sasa, kompyuta ukiituma jambo, hurudi na jibu, na jibu lake ni namba. Ikirudi na sifuri, mambo yamekwenda sawa. Ikirudi na namba nyingine, kuna kilichoharibika, na kila namba ina maana yake. Shida ni kwamba kila taifa rafiki lilikuwa limejipangia maana zake lenyewe. Kumi na tatu ya Mashariki ilikuwa "huna ruhusa". Kumi na tatu ya Magharibi ilikuwa "nafasi imejaa". Kumi na tatu ya Kusini ilikuwa "karatasi imekwama".

Fundi mwenzangu wa Mashariki aliandika programu ya maghala ya mahindi, safi kabisa, ikapewa tuzo, ikapelekwa Magharibi. Huko ghala lilipojaa, kompyuta ikasema kumi na tatu. Programu, kwa malezi yake ya Mashariki, ikaelewa kwamba kuna mtu anaingia bila ruhusa, ikawapigia polisi. Polisi walimkuta mtunza ghala amesimama juu ya magunia akifurahia mavuno. Wakamkamata. Hakimu alipouliza mshitakiwa kafanya nini, alisomewa hati yote: kumi na tatu. Akamfunga.

Nikaona nitoe ushauri. Nchi yetu ina lugha yake ya kuandikia programu, inaitwa Tamko, na kila lugha ya namna hiyo huja na maktaba yake, yaani kabati la vitu vilivyokwisha kutengenezwa ili fundi avichukue badala ya kuchonga upya. Nilishauri kwamba ndani ya kabati hilo tuweke majina ya makosa badala ya namba. Kosa la kukosa ruhusa liitwe Huna Ruhusa, na kila kompyuta itafsiri namba zake kuwa jina hilo kabla ya kufungua mdomo. Programu isihangaike kujua iko Mashariki au Kusini. Iulize, ijibiwe jina, ielewe. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na chai katikati.

Mkubwa wangu aliusoma ushauri, akausifu, akaunda kamati.

*

Kamati ya Taifa ya Kusawazisha Makosa iliongozwa na Profesa Ndimbwelu, mtu mwema, mwenye kitambi cha heshima na shahada nyingi, ingawa hata moja haikuwa ya kompyuta, jambo lililomfanya asipendelee upande wowote. Kulia kwake alikaa Bwana Mshangama, Mkurugenzi wa Itifaki, mwembamba kama fimbo ya kuongozea kwaya, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani akae wapi na nani aanze kusema. Kila mkoa ulileta mjumbe. Mjumbe wa Kaskazini, kwa kuwa hakuwahi kuiona kompyuta, alipewa kura ya turufu. Mimi nilikuwa mtaalamu mwalikwa, maana yake nilikaa karibu na mlango na kura sina.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kusikiliza wananchi. Alikuja mmoja tu, Bi. Siwatu, matroni wa wadi ya watoto njiti katika hospitali ya Ngarambo, mji mdogo ulioko pale mikoa mitatu inapokutana.

"Habari za safari, mama?" Profesa alimuuliza.

"Nzuri," alisema Bi. Siwatu, "ila basi lilituangusha mtaroni, na mkono huu hauinuki."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa furaha kusikia kwamba safari ilikuwa nzuri. Msomaji asiwacheke. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu akiulizwa habari, hata kama nyumba inateketea nyuma yake, hujibu kwanza kwamba ni nzuri, kisha huja na ila yake. Mwenye adabu husubiri ile ila. Mwenye haraka huondoka na nzuri.

"Waheshimiwa, nitasema kifupi," alisema Bi. Siwatu. "Nina mashine za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Ngarambo iko mpakani, kwa hiyo moja tumepewa na Mashariki, moja Magharibi, moja Kusini. Zote zimeungwa kwenye kioo kimoja cha kompyuta mezani pa nesi. Mashine ikiona hatari inaleta namba. Saba ya mashine ya kwanza maana yake mtoto anapoa. Saba ya mashine ya pili maana yake mtoto anaungua. Nesi wangu mgeni kaona saba. Naomba mnijibu hilo tu. Afunike au afunue?"

Bwana Mshangama alikohoa.

"Malalamiko haya yamepitia kwa mganga mkuu wa wilaya?"

"Yamepitia."

"Alisemaje?"

"Alisema saba ni namba ya baraka."

"Na huyo nesi alifanyaje?" Profesa aliuliza.

"Alifunika. Ilikuwa saba ya kuungua. Mtoto yupo, mshukuruni Mungu, ana kovu mgongoni la kukaa nalo maisha." Aliuegemeza mkono wake mbovu mezani. "Mficha maradhi kilio humfichua, baba zangu. Nipeni neno moja lenye maana moja. Basi."

Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Aliguswa kweli, nilimwona. Akamwahidi kwamba suala lake litafanyiwa kazi. Katika nchi yetu maneno hayo yana uzito mkubwa, na jambo likishaambiwa hivyo huwa halionekani tena. Lakini Bi. Siwatu ni mtu wa mpakani, hakuzijua vizuri desturi za mji mkuu, akaondoka ameridhika.

*

Kamati ikaanza na swali la saba ya nani ishinde.

Mjumbe wa Mashariki alisema saba yao ni ya asili. Mjumbe wa Magharibi alisimama, akasema wazee wao walikufa wakijua kwamba kumi na tatu ni nafasi imejaa, na yeye hatakuwa kizazi cha kuuza urithi. Kompyuta zenyewe zililetwa juzi, lakini watu wetu ni wepesi wa kupata mila. Mjumbe wa Kusini alitangaza kwamba kama karatasi iliyokwama haitatambuliwa kitaifa, mkoa wake utaangalia uwezekano wa kujitawala.

Nilinyoosha mkono. Nikasema tena kwamba tukitumia majina hakuna namba itakayoshinda wala kushindwa. Mashariki ibaki na saba yake, Magharibi ibaki na yake, ila zikitoka nje ya nyumba zijitambulishe kwa jina. Walinisikiliza kwa makini, wakanishukuru, wakaendelea kugombana. Jambo hilo lilipokaribia kuingia katika muda wa chakula, Profesa akasema kwamba yeye binafsi alikuwa akiwaza kitu tofauti kidogo, kwamba pengine tutumie majina. Wajumbe wakampigia makofi. Nami nikapiga, maana pilau ilikuwa inanukia.

Baada ya chakula tukaanza majina. Hapo ndipo nilipojua kwamba namba zilikuwa zinatukinga na mengi.

"Kwanza hili neno makosa," alisema Bwana Mshangama. "Nani kasema nchi hii ina makosa? Serikali ina changamoto."

Likafutwa, zikaandikwa changamoto, hadi kwenye ubao wa mlangoni, na bajeti ya ubao ikapitishwa. Tukaja kwenye Huna Ruhusa. Bwana Mshangama aliuliza ni nani anayemwambia nani. Nikamweleza kwamba kompyuta inamwambia mtumiaji.

"Na mtumiaji akiwa Katibu Mkuu?"

"Kama hana ruhusa, hana, mzee."

"Kijana, kompyuta ni mtumishi wa daraja la ngapi?"

Ikaandikwa kwamba kompyuta ni mtumishi wa daraja la chini, na kwamba mtumishi wa daraja hilo hawezi kumnyima mkubwa ruhusa. Jina likabadilishwa kuwa Mkubwa Hajaamua Kuingia. Haipo, ambalo kompyuta husema ikitafuta faili isilione, lilikataliwa kwa sababu hakuna faili la serikali lisilokuwepo. Likaitwa Liko Mezani kwa Mhusika. Muda Umekwisha likawa Njoo Kesho. Kumbukumbu Imejaa lilizua mjadala mrefu sana, kwa kuwa mjumbe mmoja aliona linaashiria kwamba taifa linaweza kufikia mahali likaanza kusahau, na ikasemwa lifutwe kabisa. Lilifutwa. Kesho yake hakuna aliyekumbuka tulikuwa tunajadili nini.

Kila jioni nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, naye akaniuliza swali lile lile, yule mama wa Ngarambo amepata neno lake? Nikamwambia bado, tuko kwenye maneno ya wakubwa. Hatimaye nilisimama kikaoni bila kuitwa, nikasema naomba maneno mawili tu, Mtoto Anapoa na Mtoto Anaungua, mengine mniachie hata msipoyamaliza mpaka kiama.

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyepinga. Watoto hawana cheo, kwa hiyo hawakuweza kudhalilishwa na jina. Profesa aligonga meza, yakapita yote mawili, nikakaa chini kwa furaha. Kama kamati ingevunjwa dakika ile, ningewasifu wajumbe wake mpaka kaburini.

Bwana Mshangama akanyoosha kidole.

"Nina dukuduku dogo. Huu mtambo unaulizwa hali. Halafu unajibu tu, Mtoto Anapoa. Hivyo hivyo, kavukavu? Bila hata salama?"

Wajumbe walitazamana.

"Mimi mwanangu akinijibu hivyo," alisema mjumbe wa Kaskazini, "namtandika bakora."

"Ndiyo maana hasa," alisema Bwana Mshangama. "Tumeleta mashine za wageni, zina tabia za wageni. Lugha ni yetu, maktaba ni yetu, adabu nayo iwe yetu. Mtambo ukiulizwa uanze na salama, kisha useme ila. Salama, ila mtoto anapoa. Kuna ubaya gani?"

Nikawaeleza ubaya. Nikawaeleza polepole, kwa heshima zote, nikawaita wazee wangu. Salama katika kompyuta ni sifuri. Programu zote zilizokwisha kuandikwa nchi nzima zinauliza mara moja na kusikiliza jibu la kwanza. Zikisikia sifuri zinaendelea na safari. Hazitakaa kungoja ila. Hazijui kwamba kuna ila.

"Basi zifundishwe kungoja," alisema Profesa.

"Nitazifundisha, Profesa. Naomba kamati iagize kwamba kila programu isikilize mpaka mwisho."

"Hapana," alisema Bwana Mshangama, na hapa alikuwa na huzuni, kama mwalimu aliyesikia mwanafunzi wake mzuri akitukana. "Mtu kakwambia salama, wewe unamkodolea macho ukingoja ubaya. Huo ni umbeya. Anayetaka kusema ila ataisema, na anayetaka kuisikia ataisikia. Tusilazimishe watu."

Wakapiga kura. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido, nikaupiga ukuta teke, nikaumia kidole. Ukuta ule ulikuwa na bango lililoandikwa Huduma Bora kwa Wote. Niliporudi, kura ya turufu ya Kaskazini ilikuwa imelizima ombi langu, na nikakabidhiwa azimio niliandike katika Tamko kama lilivyo. Nikaliandika, meno yakisagana.

*

Iliamuliwa uzinduzi ufanyike Ngarambo, kwa kuwa ndiko lilikotoka lalamiko. Mpango ulikuwa kwamba tukishazindua, Mheshimiwa Mkuu mwenyewe atapiga simu kuuliza habari. Akiambiwa vizuri, atatoa amri, na maktaba mpya itasambazwa hospitali zote za nchi siku hiyo hiyo. Ndani ya msafara nilijipa moyo. Nilijiambia kwamba pale wadini, mbele ya watoto wenyewe, mambo yataonekana, na mtu mmoja kwenye simu atasema neno moja la kweli.

Tulifika tukakuta wadi imepakwa rangi, ukuta haujakauka. Katikati, mashine tatu za joto zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa wa mataifa yaliyozitoa, na ndani ya kila moja mtoto mdogo, mwenye kofia ya sufi, miguu yake minene sawa na vidole vyangu. Ukutani palitundikwa kioo kikubwa cha kuonyesha majibu ya mitambo. Wazazi wa watoto walikuwa wamepelekwa nje ya geti, wamevishwa khanga za siku hiyo, wanaimba kukaribisha wageni. Geti lilifungwa kwa sababu za usalama. Ufunguo alikuwa nao ofisa usalama, na ofisa usalama alikuwa amekwenda kula.

Bi. Siwatu alitupokea mlangoni.

"Habari za kazi, matroni?" Profesa alimuuliza.

"Nzuri, ila vipaza sauti vyenu na feni zenu mmeziunga kwenye umeme wa wadi yangu."

"Vizuri sana," alisema Profesa, akaenda kwenye kiti chake.

Hotuba zikaanza. Bwana Mshangama alimkaribisha Profesa kwa kumtaja vyeo, na vyeo vilipokwisha vikaanza upya kwa lugha ya heshima. Profesa akasimama. Alisema taifa lisilosawazisha changamoto zake ni taifa lisilojua limekwama wapi. Alisema leo saba imekufa. Makofi. Akabonyeza kitufe, kioo kikubwa kikawaka rangi ya majani mabichi, na neno moja likatokea, la herufi ndefu kuliko mtu: SALAMA.

Wageni walisimama, akina mama nje ya geti wakaitikia kwa wimbo, feni zikazungushwa kasi ya mwisho. Mimi nilitazama mashine. Taa ndogo za joto, zile nyekundu zilizo juu ya kila mtoto, zilikuwa zimezima zote. Umeme uliobaki wadini ulitosha kioo na hotuba, haukutosha joto. Mitambo ilikuwa imeliona hilo na ilikuwa inalisema kwa utii wote, tena na tena: salama, ila mtoto anapoa. Kioo kilisikia salama, kikashukuru.

Nikamgusa Bi. Siwatu begani, lakini alikuwa ameshaingiza mkono. Aligusa kifua cha mtoto wa kwanza kwa mgongo wa kiganja. Akagusa wa pili, wa tatu.

"Wamepoa," alisema. "Zimeni hivyo vipaza sauti. Niitieni mama zao."

"Mama yangu, kioo kinasema salama," alisema Bwana Mshangama.

"Kioo ndiyo. Nani kakiuliza kioo?"

Vipaza sauti vikazimwa, feni zikazimwa, lakini joto la mashine hizo haliji kama kuwasha jiko la gesi, linajivuta. Nikakimbilia getini. Wale akina mama waliniona nakimbia wakadhani ni sehemu ya burudani, wakapandisha wimbo. Nikapiga kelele geti lifunguliwe, na mlinzi akaniambia kwa upole kwamba anayeshika ufunguo anamalizia supu. Niliporudi wadini, Bi. Siwatu alikuwa ametoa watoto kwenye mashine, amewashika kwa mpangilio kwenye mkono wake mmoja mzima, na mwingine, ule wa mtaroni, anausukuma kwa shida.

"Vueni mashati," alisema.

Bwana Mshangama alifunga kifungo cha juu cha shati lake.

"Mtoto akipoa na mashine hakuna, anawekwa kifuani. Ngozi kwa ngozi. Manesi wangu mmewapanga barabarani wapunge bendera. Nyinyi ndio vifua nilivyonavyo. Vueni."

"Mbele ya waandishi wa habari?" Bwana Mshangama aliuliza.

"Mficha uchi hazai, baba."

Nilivua langu. Profesa alinitazama, akamtazama Bi. Siwatu, akaanza kuhangaika na tai. Bi. Siwatu alimpa mtoto mdogo kuliko wote, akasema mwenye kitambi ndiye mwenye joto. Bwana Mshangama alitaka kujua kama hapangekuwa na utaratibu wa nani apewe wa kwanza, na wakati bado anauliza, shati lake lilikuwa limefunguliwa na mtoto amelala juu ya mbavu zake. Matroni alitufunga kwa khanga, mmoja mmoja, kwa nguvu. Mtoto wangu alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa kuvuta pumzi.

Juu ya vichwa vyetu kioo kiliendelea kung'aa kijani.

"Fundi, wako?" Bi. Siwatu aliuliza.

"Anapumua. Anachezesha mdomo."

"Wako, mzee?"

"Amenishika nywele za kifua," alisema Bwana Mshangama, kwa sauti ndogo.

"Profesa, wako anaendeleaje?"

"Salama," alisema Profesa.

"Hujaangalia."

Profesa akainamisha kichwa, akafunua khanga kidogo. Tukasikia anavuta pumzi.

"Ila," alisema, "midomo imekuwa ya bluu."

Bi. Siwatu alimchomoa mtoto pale kifuani kabla Profesa hajamaliza. Alimsugua mgongo. Alimpiga kidogo nyayoni kwa kidole. Alimgeuza, akamsafisha pua, akamsugua tena, na midomo yake mwenyewe ilikuwa inakwenda, sijui alikuwa anaomba au anatutukana. Wakati wote huo wale mama walikuwa wanaimba nje ya geti. Nilimwona Profesa amesimama na kifua wazi, mikono ameikunjua vile vile kana kwamba mtoto bado yumo, machozi yanamdondoka kwenye kitambi.

Mtoto akakohoa. Akalia, kilio chembamba kama mlango wa kabati, lakini kilio.

Bi. Siwatu alimrudisha kifuani kwa Profesa, akamfunga tena.

"Sikiliza, baba," alimwambia, na hakumwita Profesa wala Mheshimiwa. "Nikikuuliza, usinianzie na salama. Nianzie na kile kibaya. Salama utaniambia baadaye, nitaingoja."

"Nimekuelewa," alisema Profesa. "Wallahi nimekuelewa."

Na hapo simu ikalia.

Ilikuwa simu ya Mheshimiwa Mkuu. Mikono ya Profesa ilikuwa imemkumbatia mtoto, kwa hiyo niliitoa mimi mfukoni mwa koti lake nikaibonyeza, nikaishika karibu na mdomo wake ili sote tusikie. Mtu pekee anayeweza kuzuia jambo hili alikuwa anauliza, na mtu anayeulizwa alikuwa na ushahidi wote umemlalia kifuani.

"Ee, Profesa. Habari za uzinduzi?"

Nilimwona anajikaza. Naapa alitaka kulisema. Alimtazama mtoto, akamtazama Bi. Siwatu, akafungua mdomo. Lakini mazoea yana taabu, na mtu yule alikuwa amelelewa na mama mwenye adabu na ametumikia serikali tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Salama, Mheshimiwa," alisema, "ila—"

"Safi sana. Basi hospitali zote, kuanzia leo."

Simu ikakatika.

"Ila joto lilizima, Mheshimiwa," Profesa aliendelea kuiambia simu. "Ila mitambo inasema na haisikilizwi. Ila watoto wamepoa wote watatu. Ila mmoja karibu atutoke, ninaye hapa. Ila tusipeleke popote, Mheshimiwa, nakuomba." Alizisema zote, moja baada ya nyingine, na sijawahi kumsikia mkubwa mwingine katika nchi yetu akizimaliza. Nikaishusha simu. Bwana Mshangama alisema, bila kuulizwa, kwamba simu ya Mkuu hupiga, haipigiwi, hakuna namba. Akaongeza kwamba angekuwa nayo angepiga. Nilimwamini.

"Amesemaje?" Bi. Siwatu aliuliza.

"Hospitali zote," nilimjibu. "Kuanzia leo."

Alitutazama, watu watatu wazima, vifua wazi, kila mmoja amefungwa mtoto. Kisha akainama, akaokota mashati yetu sakafuni, moja moja, akayatia kwenye kapu la nguo za kufua.

"Basi msivae."